Kamba ya Gatimu

Kangema,
Jumapili, 8 Juni 2025

Mama Ngendo,

Salamu. Mimi ni mzima, chai ni nyingi, mvua ni nyingi, na mgongo ni ule ule. Mchungaji Ngatia alisema tukitaka kugombana tugombane kwa barua, simu iwe ya mambo ya mtoto pekee, kwa miezi mitatu. Basi mimi nimetii. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza na sitaki kuipoteza kwa hali ya hewa. Gatimu ni nani?

Mburu wa lori la mbolea alipita Gatitu Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umejaa barabarani, akakuona ukikimbia. Hilo najua. Tangu Februari umeniambia unajitayarisha kwa mbio za kuchangia kituo chenu cha vijana, na mimi nikasema sawa, kama mtu anataka kukimbia kilomita arobaini na mbili bila kufukuzwa na mbwa, akimbie. Lakini Mburu anasema hukuwa peke yako. Ati ulikuwa na mwanamume mrefu mwenye fulana ya manjano, bega kwa bega, mmeshikana mikono. Mmeshikana mikono, Nduta! Miaka kumi na sita tumeoana, na mara ya mwisho kunishika mkono mbele ya watu ilikuwa kanisani, na hapo ni pasta aliyetuamuru.

Na ati ulikuwa ukiongea. Hukunyamaza hata lori lilipopita. Mimi nikipiga simu naambiwa "mm", "sawa", "haya", kisha "Ngendo anakusalimia". Kumbe maneno unayo, ila yana mwenyewe.

Usiniulize jina la Gatimu nimelitoa wapi. Nilipokuja nyumbani Mei ulilitaja mara tatu kabla sijamaliza ugali. Gatimu amesema, Gatimu anafikiri, Gatimu hapendi. Kwa hivyo nijibu: anafanya nini hapo kituoni, na je, ameoa?

Ni mimi mume wako, kama bado unakumbuka,
Dedan


Gatitu,
Alhamisi, 12 Juni 2025

Baba Ngendo,

Barua nimeipata. Mburu alinikabidhi huku akiangalia viatu vyake, kama mtoto aliyevunja kikombe. Mwambie akiwa na lori macho ayaweke barabarani.

Nilidhani utauliza mbio zinaendeleaje. Hukuuliza, lakini nitakuambia. Tuko na vijana zaidi ya sitini hapa kituoni. Mchana mimi nawafundisha kushona, Murugi msimamizi wetu anawafundisha kompyuta, na saa kumi tunafunga mlango kwa sababu hakuna pesa ya kumlipa mshauri akae nao jioni. Na jioni ndiyo wanakosa pa kwenda. Wiki jana tumezika mmoja, wa miaka kumi na tisa. Nilimfundisha kuweka zipu.

Ndiyo maana tarehe ishirini na sita Julai tunakimbia. Watu wa kanisa, wauza viazi wa Giakanja, hata Mama Hemlata wa duka la vitambaa kule mjini, wote wameahidi kutoa kitu kwa kila kilomita ambayo Gatimu atamaliza. Si mimi, ni Gatimu. Yeye ndiye mkimbiaji, mimi niko kando yake tu. Akisimama kilomita ya ishirini, ahadi nazo zinasimama hapo hapo.

Sasa, swali lako. Hukuuliza ni mtu wa namna gani. Hukuuliza goti langu likoje. Umeuliza kama ameoa. Basi, hajaoa. Ni mrefu, kweli. Anaimba besi kanisani, na akisoma matangazo watu wanatamani yangekuwa marefu. Umeridhika?

Mengine sitasema. Ukitaka kumjua Gatimu, muulize Gatimu.

Mke wako,
Nduta

N.B. Ngendo anataka sweta nyingine. Bwenini ni baridi sana.


Kangema,
Jumapili, 22 Juni 2025

Bwana Gatimu,

Hatujuani. Mimi ni Dedan, mume wa Nduta. Nakuandikia mwanamume kwa mwanamume, na ukimaliza kusoma tafadhali uichome hii karatasi. Usimwonyeshe mke wangu.

Nasikia una sauti. Nasikia wewe ni mrefu. Hongera. Mimi ni karani wa kupima majani ya chai, sauti yangu kazi yake ni kuita namba za vikapu, na urefu wangu ni ule Mungu alitoa. Sikuja kushindana na wewe. Nakuomba utafute mtu mwingine wa kukimbia naye. Nyeri ni kubwa, wanawake wenye miguu ni wengi.

Pengine unafikiri mimi ni mwanamume mbaya. Sijawahi kumwinulia Nduta mkono. Pesa ya nyumba inafika kila mwezi. Lakini nikifika nyumbani naketi pale kwenye kiti naangalia simu, kwa sababu sijui nianze wapi, na nikiinua macho yeye ameshaenda jikoni. Siku zingine nampigia kutoka huku, nasikia inalia, nakata kabla hajashika. Naogopa ile "mm" yake.

Nikuambie kitu kingine, maana hutaniona na mimi sitakuona. Hapa Kangema niko na kitanda cha watu wawili. Mwaka wa pili sasa nalala upande wa ukutani pekee. Ule mwingine ni wake, nimeuacha hivyo, hata shuka haijakunjika. Mburu hunicheka. Wewe usicheke.

Niachie mke wangu, bwana. Sina mwingine wa kukosana naye.

Dedan


Gatitu,
Jumapili, 29 Juni 2025

Bwana Dedan,

Utautazama mwandiko huu na utaujua. Keti kwanza.

Mimi ni kipofu. Ni mwaka wa tisa tangu ugonjwa wa macho umalize kazi yake. Simu yangu inaongea, vitabu vyangu nasoma kwa vidole, lakini barua ya kalamu inanibidi nisomewe na yule aliye karibu. Jumatano baada ya mazoezi aliyekuwa karibu ni Nduta. Alipoiona bahasha aliniuliza kama aisome yeye au amwite Murugi. Nikamwambia soma tu, mimi sina siri na mtu. Sikujua zilikuwa siri za nani.

Alipofika pale pa "usimwonyeshe mke wangu" aliniuliza kama aendelee. Nikamwambia shauri yako sasa. Akasoma yote hadi jina. Siwezi kusema nilichoma karatasi yako, kwa sababu hakunirudishia.

Kuhusu kushikana mikono. Ni kamba, ndugu yangu. Kipande cha kamba ya kiatu, upande mmoja kwenye mkono wangu, upande mwingine kwenye wake. Bila hiyo niko mtaroni. Kuhusu kuongea, ndiyo kazi ya mwelekezi. Lazima aniambie shimo, tuta, kona, ng'ombe. Akinyamaza, mimi nasimama. Kuhusu kutafuta mwingine, nilijaribu wawili kabla yake, na mmoja alinigongesha kwenye mkokoteni wa mkaa.

Mke wako sijui anafanana vipi. Najua tu kwamba kwenye mlima anapumua vibaya na hataki kukubali.

Sikucheka uliposema juu ya kitanda. Msomaji wangu pale aliinuka akaenda kunywa maji, na alikaa huko sana. (Nilikuwa na kiu. N.)

Ni mimi,
Gatimu, kwa mkono wa Nduta


Kangema,
Jumapili, 6 Julai 2025

Nduta,

Nimekaa wiki nzima sitaki hata kumwona Mburu. Nilipofika pale pa "mimi ni kipofu" nilitoka nje, nikazunguka banda la chai mara mbili, wamama wa vikapu wakaniuliza kama nimefiwa. Ungeniambia! Neno moja tu. Uliniacha niungue, tena ukanipa na kuni, ati besi, ati matangazo. Na umeisoma barua yangu kwa sauti. Kwa sauti, Nduta, mbele yake.

Sasa ungedhani nimetulia. Hata mimi nilidhani. Nikajiambia, Dedan, mtu haoni, amefungwa kamba, wivu wa nini? Nikalala. Saa nane nikaamka, na wivu umeamka kabla yangu.

Kama angekuwa na macho, mngekimbia mkinyamaza kama watu wengine. Lakini yeye lazima aambiwe. Anaambiwa mlima leo uko wazi au umejifunika. Anaambiwa nani ameanika nguo, nani ameezeka, wapi pana maua ya viazi. Kila asubuhi unampa Nyeri yote mkononi. Mimi niko na macho mawili mazima na sijapewa hata mlango wetu ulipakwa rangi gani. Niliukuta tu ni wa kijani.

Basi nimesema. Nina wivu na kipofu. Mwambie Mchungaji Ngatia aandike hiyo kwenye daftari lake.

Tarehe ishirini na sita siji. Ni siku ya kupima.

Dedan


Gatitu,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Baba Ngendo,

Nilikosea. Ningekuambia siku ile ile. Nilitaka uniamini bila kuonyeshwa kitu, na ulipouliza kama ameoa nikakasirika, nikakuacha uungue kweli. Hata nilifurahia kidogo. Naomba msamaha.

Lakini usiseme sikuwahi kukuambia. Ulipohamishwa Kangema, mwaka ule wa kwanza, kila jioni nilikupigia. Nilikuambia juu ya Ngendo kung'oka jino kanisani. Nilikuambia jirani amenunua ng'ombe anayekohoa. Nilikuambia rangi ya mlango, Dedan, nilikuuliza kijani au bluu. Unakumbuka ulisema nini? "Fupisha, kredo ya simu inaisha." Si mara moja. Nikafupisha. Nikafupisha mpaka ikabaki "mm". Na sasa ndiyo unaiogopa.

Gatimu nikimwambia kuna nyumba upande wa kushoto, huniuliza, "Nini kingine?" Nikimwambia ni ya mabati, "Nini kingine?" Siku ya kwanza nilipoulizwa hivyo nililia nikikimbia, nikasema ni baridi. Hakuna kitu kingine kati yangu na yeye. Lakini hicho ni kikubwa, sitakudanganya ni kidogo.

Goti limevimba tena. Murugi anataka nipumzike. Nikipumzika nani atamshikia kamba? Siku zimebaki kumi na mbili.

Njoo, tafadhali. Simama tu kando ya barabara nikuone.

Nduta


Kangema,
Jumapili, 20 Julai 2025

Mama Ngendo,

Nimeisoma mara nne. "Fupisha" nilisema, ni kweli. Nilifikiri naokoa pesa.

Ruhusa niliomba, wamekataa. Usinitafute kando ya barabara. Mburu akikuambia nachechemea usijali, ni kiatu kibaya. Na kucha imekuwa nyeusi kwa sababu niliangushiwa mzani.

Barua hii ni fupi, lakini si kwa ajili ya kredo.

Dedan


Giakanja, kwa mama,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Baba Ngendo,

Wiki nzima niko kwa mama, mguu juu ya mito miwili, nakula viazi na kuangalia ukungu. Daktari amesema wiki nyingine kama hii. Nina saa nyingi za kufikiri na nimefikiria mambo yako yote.

Ruhusa ilikataliwa! Mzani ulikuangukia! Wewe mtu ni mwongo, haki ya Mungu.

Nilikuwa nimeshamaliza kilomita thelathini na goti hili, na pale kwenye meza ya maji hapa Giakanja likasema basi. Nilianguka chini. Murugi alikuwa akipiga kelele nani anaweza kumaliza na Gatimu, kila mwenye miguu akaangalia pembeni, na Gatimu amesimama katikati ya barabara, kamba inaning'inia, anasema "Nduta? Nduta?" Nilifikiria vijana na ule mlango unaofungwa saa kumi. Nilitaka kutambaa.

Ndipo mtu akatoka nyuma ya magunia ya viazi. Koti la mvua hadi magotini, kofia hadi machoni. Akavua koti, na ndani ana kaptula na raba mpya, na miguu iliyochanjwa na michai yote ya Kangema. Nilitaka kucheka, nikalia. Hukuniambia hata pole. Ulisema, "Nipe kamba."

Jioni ile uliungama mbele ya watu wote, na mama yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Ati ulikuwa ukikimbia kwenye mashamba ya chai kila jioni ili siku hiyo ukimbie nyuma yetu usikie tunaongea nini. Ati ulipima ukaona nguvu zako ni za kilomita kumi na mbili, kwa hivyo ukangoja mahali palipobaki kumi na mbili. Dedan, karani hata kwenye wivu! Lakini mlimaliza, na watu walitoa ahadi za kilomita zote arobaini na mbili bila hata mmoja kujificha. Murugi ameshampata mshauri. Kuanzia kesho mlango hautafungwa tena saa kumi.

Sasa nisikilize. Murugi alikuja kuniona jana. Ananiambia umechukua likizo ya wiki mbili, umehamia nyumbani Gatitu, na kila asubuhi unakimbia na Gatimu. Na unaongea! Ati hunyamazi, mnasikika kutoka kituoni, Gatimu anacheka ile sauti yake ya besi. Dedan gani huyo? Huyo sijawahi kukaa naye. Mimi miaka kumi na sita nimeolewa na mtu wa kuita namba, kisha nikivunjika goti wiki moja, anatoa maneno, na hanipi mimi.

Siku ya mbio nilikaa nyuma ya pikapu ya kituo, tukiwatangulia. Kilomita zote zile niliona midomo yenu ikienda, sikusikia kitu. Ulimwambia nini? Nimemuuliza Murugi, hajui. Mama ananiambia nilale, silali. Ni wivu, nimelijua jina lake, ila sijui namwonea nani kati yenu wawili.

Nijibu. Miezi mitatu ya mchungaji bado haijaisha, usinipigie simu.

Nduta


Gatitu,
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mama Ngendo,

Mwandiko huu pia utaujua. Mimi siuoni, lakini nasikia kalamu ikichimba karatasi. Swali lako nimesomewa. Mwandishi wangu alitaka kulijibu yeye, akaketi hapa na karatasi tangu chakula cha mchana, akaandika "Mama Ngendo, salamu" na hakuendelea. Nimemwambia atulie, nitasema mimi, yeye aandike kama nilivyosema, asiongeze wala asipunguze. Tayari ameniuliza mara mbili kama ni lazima.

Tulipoondoka Giakanja alikuwa akiita tu. "Shimo." "Tuta." "Shimo." Nilisikia kama niko kwenye foleni ya chai nangoja kikapu changu. Baada ya kilomita mbili nikamuuliza, nini kingine? Akasema hakuna kingine. Nikamwambia basi nasimama, na nikasimama kweli, kilomita kumi zimebaki. Alishtuka sana. Pengine alifikiria ahadi za watu na wewe ulivyoanguka, maana nilisikia pumzi yake imebadilika.

Akasema, "Kuna pikapu mbele."

Nini kingine?

"Nduta amekaa nyuma, amenyoosha mguu."

Nikaanza kukimbia. Nini kingine?

"Ana kofia ya Ngendo, ya sufu. Inambana. Ana mvi juu ya sikio, tatu au nne, sijui zilikuja lini. Hakuna aliyeniambia." Nini kingine? "Amepewa ndizi. Ameimenya yote kwanza, sasa anaikata vipande kwa vidole. Amekuwa akila hivyo tangu siku nilipomchukua kwao." Nini kingine? "Anatuangalia. Anafikiri simwoni." Nini kingine? "Ni mrembo, bwana. Sasa unataka niseme nini?" Nikamwambia hayo hayo, endelea.

Hapa mwandishi amesimama. Ameendelea.

Mama Ngendo, wewe ulikuwa ukinipa barabara. Ulinipa mlima, nguo kwenye kamba, mabati, ng'ombe. Mume wako kwa kilomita kumi hakunipa barabara hata kidogo. Nimeingia mashimo matatu, nimekanyaga mtaro, kifundo changu bado kina bandeji. Nilipomuuliza iko wapi kona, alisema, "Ngoja, amegeuka." Leo watu wakiniuliza njia ya kutoka Giakanja hadi Gatitu ikoje, siijui. Nakujua wewe tu.

Na haya ndiyo yanayotuchekesha kila asubuhi. Anaendelea. Nimemwambia amenichosha, aende akayaseme kwa mwenyewe.

Pona upesi, nataka mwelekezi anayeona barabara.

Gatimu, kwa mkono wa Dedan

N.B. Sikuongeza wala kupunguza. Ameniaibisha lakini ni kweli, hata ile ya ndizi.

Jumamosi nakuja Giakanja kukuona. Kabla ya hapo niandikie. Pale karibu na soko la Gatitu uligeuza uso ukaangalia upande wa mlima, ukakaa hivyo muda mrefu, na sikuweza kumwambia Gatimu ulikuwa ukiangalia nini kwa sababu sijui. Uliona nini? Nini kingine? Karatasi nimekuwekea sita ndani ya bahasha.

Usifupishe.

Dedan